Jinsi ya Kurudi Pwani na Samaki wa Urefu Uleule

Kuna samaki anayeendelea kukua baada ya kufa. Saa nne asubuhi anatolewa majini akiwa na kilo 11. Boti ikitia nanga saa tisa, ana kilo 14. Jioni, kahawa ikishamiminwa barazani, amefika 18, na msimulizi asipokatizwa na adhana ya magharibi atamfikisha 20 bila taabu. Klabu yetu ndogo ya wavuvi wa fimbo, hapa kati ya Kilifi na Malindi, humvua samaki huyu kila kaskazi inapotulia, na msimu huu amevuliwa kwa wingi.

Mwongozo huu nauandika ili apungue. Wanachama wenzangu ni watu waaminifu katika mambo mengine yote. Yuko mwalimu mstaafu ambaye hakuwahi kumpa mwanafunzi alama moja ya bure. Yuko fundi wa majokofu anayekufuata mpaka njiani kukurudishia shilingi kumi uliyozidisha. Yuko mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mizani ya misumari dukani kwake haijapata kulalamikiwa. Hao wote ukiwatia nguru mkononi, hesabu huwaponyoka. Nawapenda, na nitaendelea kwenda nao baharini. Lakini klabu ina daftari la safari, na kwangu mimi daftari hilo ni mali kubwa kuliko fimbo zetu zote. Humo mna tarehe, upepo, hali ya maji, mahali, aina ya samaki, urefu na uzito. Anayelisoma kwa makini ataona jodari wanapoanza kusogea, fulusi wanapotokea chini ya magogo na takataka zinazoelea, na sulisuli wanapoanza kwisha. Uzito wa uongo ukiingia humo haumdanganyi jirani wa barazani peke yake. Unamdanganya kijana atakayelifungua miaka mingi ijayo akitaka kujua kama nguru wa pwani hii walikuwa wakubwa kweli, au wazee walikuwa na midomo tu.

Basi tuanze, na tuanzie mlangoni kwako.

Kabla hujaaga

Uongo wa mvuvi huzaliwa alfajiri, pale anapowaambia watu wa nyumbani wawashe mkaa mapema. Tangu dakika hiyo ana deni. Usiahidi samaki. Sema unakwenda baharini, uombewe heri, utoke. Aliyeahidi samaki na ikafika saa nane hana kitu atamwomba nahodha asogee karibu na ngalawa ya mzee fulani, anunue changu watatu na kolekole mmoja, na samaki hao waliovuliwa kwa mshipi wa mkono watapigwa picha wakiwa wamelazwa kando ya fimbo yenye bei ya ng'ombe. Kununua si vibaya. Nunua, na umlipe mzee vizuri, maana amepiga makasia tangu usiku. Ukifika nyumbani sema umenunua. Watu wa nyumbani watakula vilevile, na mzee yule atabaki na sifa ya samaki wake.

Jua pia unakwenda kukutana na nini, ili usije ukasimulia samaki ambaye hakuwepo. Kusi ikikaza, kuanzia Aprili mpaka Julai hivi, bahari ya nje huchafuka na boti nyingi za fimbo hupandishwa pwani zikwanguliwe na kupakwa rangi. Agosti zinaanza kurudi majini, na miezi ile ya mwanzo ni ya jodari. Kaskazi ikiingia, Novemba na Desemba, sulisuli huja kwa wingi, kisha nduwaro wakaendelea mpaka Machi. Mtu akikusimulia sulisuli kumi wa mwezi wa Juni, mpe kiti, mpe maji ya kunywa, umwombe arudie taratibu.

Maji nayo yana amri yake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na mlango wa mwamba uliopita alfajiri ukiwa na kina kizuri huweza kuwa mawimbi matupu ikifika mchana. Nahodha akisema tunarudi saa sita, mnarudi saa sita. Katika daftari la msimu huu nimesoma zaidi ya mara moja kwamba safari fulani "ilikatizwa na nahodha" samaki walipokuwa wanaanza kula. Nahodha hakukatiza kitu. Aliwarudisha watu wazima kwa watoto wao. Iandikwe bamvua, na saa ya kupwa, na hapo mwingine atajifunza kupanga safari yake.

Kuhusu kichefuchefu sina mengi. Tangawizi husaidia, biskuti kavu husaidia, na macho yatazame mbali upeoni badala ya kuinamia simu. Ukitapika, tapika upande wa demani, na usidai baadaye kwamba ulikuwa unawavutia samaki kwa chambo.

Nani alimvua?

Swali hili hulipuka kila safari, hata kama hakuna anayelitamka, kwa sababu sentensi ya "nilivua sulisuli" huficha watu watatu au wanne.

Tuitazame safari yenyewe. Kabla mwanachama hajaamka, baharia ameshafika kwenye boti, amekata chambo, ameshona tumbo la samaki mdogo ili atakapokokotwa aogelee sawasawa bila kuzunguka, na amekagua kila fundo. Boti ikishavuka mwamba, nahodha hutafuta maji. Huku kwetu hutazama hasa ule mpaka wa rangi ambapo maji ya kahawia ya mto Sabaki hukutana na maji ya buluu ya bahari kuu, kwa kuwa samaki wadogo hujikusanya hapo na wakubwa huwafuata. Hutazama shakwe: wakiruka juu na kuzunguka wanatafuta, wakijitupa majini wamepata. Wakati huo mwanachama anakula chapati. Ghafla rili inalia. Baharia anaidaka fimbo, anasubiri samaki ameze, anakaza, anahakikisha ndoana imeshika, kisha anampa mwanachama aliyekwisha kuketi kwenye kiti na kufungwa mkanda. Nahodha anageuza boti kumfuata samaki. Mwanachama anazungusha rili kwa jasho, na jasho lake ni la kweli, silidharau. Mwishoni ni baharia tena anayeinama ubavuni mwa boti na kuishika sehemu ya mwisho ya mshipi kwa mkono wenye glavu, huku samaki mwenye mdomo mrefu mkali anarusha kichwa karibu na uso wake.

Chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo, IGFA, kilichoanzishwa mwaka 1939, kina kanuni ngumu kuhusu jambo hili: anayetaka rekodi sharti amnase samaki mwenyewe na apambane naye mwenyewe, na mtu mwingine akiigusa fimbo wakati wa pambano samaki huyo hahesabiwi. Sisi hatutafuti rekodi za dunia, na sitaki baharia azuiwe kumsaidia mgeni. Nataka aandikwe. Weka mistari mitatu: aliyemwona, aliyemnasa, aliyezungusha rili. Kurasa za msimu huu zimejaa majina ya wanachama, na majina ya mabaharia ni haba mno kwa kazi waliyoifanya. Kijana wa miaka kumi na tisa aliyewanasa sulisuli wetu wengi mwaka huu anastahili kuliona jina lake kwa wino, kwa sababu siku atakapoomba unahodha kwenye boti nyingine, daftari hilo ndilo cheti chake.

Palepale penye majina, andika mahali. Hapa wanachama wana ubahili wa ajabu. Mmoja aliandika "mashariki ya Malindi." Mashariki ya Malindi ni Bahari ya Hindi nzima mpaka Sumatra. Naelewa kuogopa kuibiwa mahali pazuri, lakini samaki wa bahari kuu hawana anwani, wanafuata mkondo na chakula, na kesho watakuwa kwingine. Andika kina, umbali kutoka mlango wa mwamba, na uelekeo. Ukiandika kwa usahihi utakuwa pia umeonyesha kwamba hukuvua ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, ambazo zimelindwa tangu 1968 na hazitiwi ndoana. Na kama mlikutana na jarife za wavuvi wa usiku, andika boya zao zilipokuwa, ili boti inayofuata isizikokotee chambo juu yake. Wavu uliochanwa na boti ya starehe ni chakula cha watu kilichochanwa.

Utepe

Sasa tumefika kwenye kiini cha mwongozo, na hapa naomba usomaji wa taratibu.

Kanuni ni moja: samaki apimwe na mtu ambaye hakumvua. Ernest Hemingway, ambaye mapema mwaka 1934 alivua hapahapa Malindi baada ya safari yake ya kuwinda bara, aliiheshimu kanuni hii katika riwaya yake ya 1952 kuhusu mvuvi mzee wa Kuba. Papa wamemmaliza nduwaro wake, mzee amerudi na mifupa, amelala fofofo kibandani. Anayepima mifupa ni mvuvi mwingine, kwa kamba, na anapata futi 18. Mzee mwenyewe hakutamka urefu wowote barazani. Ndiyo sababu kila msomaji anaamini zile futi 18.

Mpimaji wako achaguliwe kwa uangalifu. Asiwe mtu unayemdai wala anayekudai. Asiwe shemeji. Bora kabisa ni mama karanga, mchuuzi wa samaki wa bandarini. Yeye hununua samaki kwa kilo kila siku ya Mungu, humtupia samaki jicho moja akajua uzito wake, na kila kilo ya uongo hutoka mfukoni mwake. Mwanachama mmoja alimpelekea nguru wake "wa kilo 18" mwanzoni mwa msimu. Mama alimtazama samaki, akamtazama mwanachama, akasema, "Baba, huyu ni 11. Ukitaka 18 nenda ukamlete na mdogo wake." Mizani ilisema 11 na robo. Robo ile aliachiwa.

Utepe unanyooshwa kando ya samaki, haulazwi juu ya tumbo lake ukafuata mabonde na milima. Nguru, jodari na kolekole hupimwa kutoka ncha ya pua mpaka kwenye panda ya mkia, pale mkia unapogawanyika. Sulisuli na nduwaro hupimwa kutoka ncha ya taya la chini mpaka panda ya mkia. Ule mdomo mrefu wa juu hauhesabiwi, kwanza kwa kuwa huvunjika, na wengine huonekana wakiishi vizuri na nusu ya mdomo. Pili kwa kuwa ungempa mvuvi zawadi ya bure ambayo samaki hakuinenepea. Mikono si kipimo. Wazee walipima kwa shubiri, kwa dhiraa na kwa pima, lakini walikubaliana mkono huanzia wapi na kuishia wapi. Mikono ya barazani hufunguka kadiri wasikilizaji wanavyoongezeka.

Huna mizani? Ipo hesabu ambayo wavuvi wa fimbo duniani wanaitumia. Zungusha utepe kwenye sehemu nene zaidi ya mwili, chukua sentimita hizo, uzizidishe kwa zenyewe, kisha uzidishe kwa urefu, ugawanye kwa 28,900. Jibu ni kilo, kwa makadirio. Nguru wa sentimita 120 mwenye unene wa 54: 54 mara 54 ni 2,916, mara 120 ni 349,920, gawanya, unapata kilo 12 na kidogo. Ni samaki mzuri. Watu sita watashiba na kubakisha kichwa cha mchuzi.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayomfichua anayemrefusha. Samaki akirefuka huku umbo likibaki lilelile, hunenepa pia na kupanuka pia, kwa hiyo uzito hukimbia mbele ya urefu. Mwongeze nguru yule robo tu ya urefu, awe sentimita 150, na tayari umempandisha kutoka kilo 12 hadi karibu 24. Msimulizi anadhani amesogeza kiganja kimoja kidogo hewani, kumbe amezaa samaki wa pili. Ndiyo maana hadithi zetu huvunjika ghafla: urefu na uzito havikubaliani tena, na mwalimu mstaafu, aliyefundisha hesabu maisha yake yote, hukaa kimya na kutazama dari kila inapofika zamu yake.

Picha nazo zina ushahidi wa uongo. Ukimsukuma samaki mbele kwa mikono iliyonyooka, karibu na kamera, vidole vyako vitaonekana vikubwa pamoja naye, na hapo ndipo tunapowakamata. Mlaze chini, weka kando yake kitu ambacho sote tunakijua, chupa ya maji ya nusu lita au kisu cha chambo, ndipo upige. Rangi pia husema. Sulisuli akiwa hai na amechangamka huwaka buluu na mistari ya kung'aa. Akishakufa hufifia akawa kijivu. Picha ya samaki wa kijivu haiwezi kuwa ya "dakika ileile tulipomtoa."

Na anayetaka kujilinganisha na wakubwa ajue anajilinganisha na nini. Nduwaro mweusi wa Alfred Glassell alivuliwa Cabo Blanco, Peru, tarehe 4 Agosti 1953, na alipopandishwa kwenye mizani alikuwa na zaidi ya kilo 707. Imepita zaidi ya miaka 70 na rekodi hiyo haijavunjwa. Sulisuli wa pwani yetu wengi wana kilo 20 hadi 35. Huyo wa kilo 30 ni fahari kamili, haombi kusaidiwa.

Aliyeponyoka

Samaki aliyeponyoka ana nafasi yake katika daftari, na sikubaliani na wanaotaka afutwe. Safu yake ni nyembamba lakini ni ya muhimu, kwa sababu inatuonyesha vifaa vyetu vinashindwa wapi. Tatizo ni kwamba kila aliyeponyoka msimu huu ameandikwa nduwaro. Ikiwa ni kweli, basi baharini nguru hawaponyoki kamwe, na hilo hakuna anayeliamini.

Kwa bahati njema, mshipi uliokatika husema. Usiutupe. Uvute mpaka mwisho, uukaushe, uuchunguze mbele ya watu. Ukiwa umekatwa safi, moja kwa moja, hilo ni jino: nguru, au mzia, na yawezekana papa. Sulisuli hana meno ya kukata hivyo. Mdomo wake mkavu hukwaruza, kwa hiyo alama yake ni ile sehemu ndefu ya mwisho wa mshipi iliyosagika na kuwa nyeupe. Ukiwa umechanika ovyo upande mmoja, uliburuzwa kwenye mwamba, na samaki wako alikuwa chewa aliyerudi shimoni mwake. Na ukiwa umejisokota na kujikunja ncha, hakuna samaki wa kulaumiwa: fundo liliteleza, na aliyelifunga afundishwe upya kwa upole.

Kuna na breki ya rili. Wanachama huikaza samaki anapokimbia, kwa hofu kwamba mshipi utakwisha, na hapo ndipo wengi hukatikiwa. Breki iwekwe nchi kavu kwa mizani ndogo ya kuvuta, theluthi ya nguvu ya mshipi au chini ya hapo: mshipi wa kilo 15, breki ya kilo 5. Halafu iachwe. Mshipi ukitoka mwingi, duara la uliobaki kwenye rili hupungua, na breki ileile huwa nzito yenyewe. Duara likifika nusu, uzito wake umekuwa maradufu. Aliyeikaza tena hapo amemfungulia samaki mlango.

Msimulizi wa aliyeponyoka hupenda pia kutaja kasi. Kwa miaka mingi imeandikwa vitabuni kwamba sulisuli hukimbia kilomita 110 kwa saa, na wanachama wetu wameipokea namba hiyo kwa mikono miwili. Watafiti waliowapima sulisuli wakiwinda wamepata kasi ambazo hazifikii hata kilomita 40. Kwa mtu aliyeshika fimbo huku mshipi unakwisha mbele ya macho yake, hiyo 40 inatosha kuukausha mdomo. Aandike hiyo.

Anayerudishwa

Hapa sitanii hata kidogo. Sulisuli na nduwaro warudishwe wakiwa hai, na warudishwe vizuri. Tumieni ndoana za duara, ambazo mara nyingi hushika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa tumboni. Msimchoshe samaki kwa kutaka pambano refu la kusimulia. Kila dakika ya ziada inampunguzia nafasi ya kuishi. Msimwinue ndani ya boti apigwe picha mapajani pa mtu. Picha yake nzuri ni akiwa majini, ubavuni mwa boti. Akiwa amechoka, ashikwe mdomo kwa glavu, boti iende polepole mbele, maji yapite kwenye matamvua yake mpaka aanze kupiga mkia mwenyewe.

Akitiwa alama kabla ya kuachiwa, kazi ya klabu inakuwa sehemu ya kazi kubwa zaidi. Watamu ndiko makao ya African Billfish Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1990, ambayo hukusanya kumbukumbu za samaki hawa waliotiwa alama. Samaki akikamatwa tena, alama husema ametembea mpaka wapi na amekua kiasi gani tangu siku ile. Sasa fikiria umeandika kadi yake kilo 45 wakati alikuwa na 28. Akija kukamatwa baada ya mwaka ana 32, watafiti watamkuta sulisuli aliyekonda kwa kilo 13, wataanza kuhangaika juu ya chakula cha baharini, na chanzo cha njaa yote hiyo ni wewe na kahawa yako. Kwa hiyo uzito wa anayerudishwa ukadiriwe na nahodha, hapohapo majini, na mwanachama asiongeze neno.

Kitoweo, na siku za mkono mtupu

Jodari na nguru mnaobaki nao watiwe barafu papo hapo, si baada ya picha. Mwili wa jodari una joto, na akiachwa juani nyama yake hutengeneza sumu ya histamini ambayo moto wa jiko hauiondoi. Mlaji huwashwa, uso ukaiva, kichwa kikagonga. Mtoe damu, mfunike barafu, tumbo lijazwe barafu pia. Fungu la kwanza ni la nahodha na mabaharia, na wachague wao. Samaki wa kutosha nyumba yako na ya jirani anatosha. Mkishampata, chambo kiondolewe majini.

Zitakuwepo siku ambazo hamtapata kitu. Barazani hizo hazisimuliwi, na katika daftari letu hazimo kabisa, utadhani tangu klabu ianzishwe hakuna aliyerudi mikono mitupu. Ziandikwe kuliko zote. Bila saa mlizokaa, idadi ya fimbo na maji mliyopita, zile kilo za siku njema hazina kipimo: samaki watano wa safari moja na samaki watano wa safari kumi ni bahari mbili tofauti, na sisi tumekuwa tukiziandika kama bahari moja. Andika upepo, andika rangi ya maji, andika kwamba shakwe walikuwepo au hawakuwepo. Mkono mtupu haulambwi, lakini unaweza kushika kalamu.

Safari ijayo itatoka bamvua ikishapita, maji yakiwa mafu, saa kumi na moja alfajiri. Nafasi ni sita. Utepe mpya wa mita tano umeshanunuliwa na umefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ya barazani, kwa sababu ule wa kwanza ulipotea siku ileile alipotoka nguru wa kilo 11 na robo. Daftari liko juu ya meza hiyo, na mama karanga ameombwa awepo saa tisa.